Mnyororo Uliokatika Kabla ya Kufika Maabara

Mrija wa viskometa, kifaa cha kupima mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyokuwa kizito kutiririka, una alama mbili zilizochorwa kwenye kioo, moja juu na nyingine chini, na kazi ya mtafiti ni kukitazama kimiminika kikishuka kutoka alama ya kwanza hadi ya pili huku saa ikihesabu sekunde. Karibu miezi minane ya mwaka wangu wa pili wa uzamivu niliimaliza mbele ya mrija huo, na kwa miezi hiyo yote namba zangu zilikataa kutulia. Maji yenye chumvi, bila kitu kingine, yalishuka kwa sekunde 98. Nikiyeyusha ndani yake chembe ya karaginani, dutu ya kugandisha itokanayo na mwani, kutoka kiroba kimoja cha mwani, muda ulifika sekunde 171. Nikichukua kiasi kilekile kutoka kiroba cha wiki iliyofuata, cha kijiji kilekile na kilichopitishwa hatua zilezile, nilipata sekunde 119. Niliosha mrija, nikabadilisha chumvi, nikapima upya usiku ambapo umeme haukatiki ovyo na maji ya kuogeshea mrija yanabaki kwenye nyuzi joto 25 bila kuyumba. Tofauti ilibaki palepale.

Utafiti wangu ulihusu misombo ya molekuli kubwa itokanayo na mwani, na lengo lake lilikuwa kutengeneza jeli ya kufunika vidonda. Karaginani ni polisakaridi, yaani mnyororo mrefu wa sukari. Pete za galaktosi zimeunganishwa moja baada ya nyingine, na juu ya baadhi ya pete hizo pamening'inia vikundi vya salfeti. Mwani ambao wakulima wetu wanauita kotonii hutoa karaginani ya aina ya kapa, yenye salfeti moja kwa kila pete mbili, ambayo huganda na kuwa jeli ngumu ikikutana na potasiamu. Ule wa spinosamu hutoa aina ya iota, yenye salfeti mbili kwa kila pete mbili, ambayo jeli yake ni laini na hunyumbulika, na rafiki yake ni kalisiamu. Kilimo chenyewe kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, baada ya utafiti wa miaka mingi juu ya mwani wa pwani yetu uliofanywa na wataalamu kama Profesa Keto Mshigeni. Shangazi yangu ni miongoni mwa wanawake walioingia katika kazi hiyo mapema, na viroba vyangu vingi vilitoka kwake na kwa majirani zake.

Nilichokuwa nikikisoma kwa sekunde zile ni urefu wa mnyororo. Molekuli ndefu huuzuia mtiririko kuliko fupi, hata zikiwa zimetengenezwa kwa vipande vilevile, na kwa hiyo muda wa kushuka hutoa habari ya uzito wa molekuli. Njia hiyo ina ukoo mrefu. Hermann Staudinger, mkemia wa Ujerumani, alipoandika mwaka 1920 kwamba mpira, selulosi na vitu vya aina hiyo ni molekuli kubwa mno zilizoshikana kwa vifungo vya kawaida vya kikemia, wakemia wengi wa wakati wake waliona kuwa ni molekuli ndogo zilizojikusanya tu. Miongoni mwa silaha zake za kutetea hoja yake ulikuwa mnato wa miyeyusho, na Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953, zaidi ya miaka 30 baadaye. Katika miezi ile migumu nilimfikiria mara nyingi. Yeye aliamini mnato unasema kweli, na mimi, nikiwa na mrija ule ule kwa kanuni, nilishuku kwamba unanidanganya.

Sababu ya shaka yangu ni kwamba vipimo vingine vyote vilikubaliana. Nilipopitisha sampuli kwenye spektrometa ya infraredi, kifaa kinachotambua vikundi vya kikemia kwa mwanga usioonekana, viroba vyote vilitoa mchoro mmoja: bonde la salfeti mahali pake, bonde la pete iliyopoteza maji mahali pake, na bonde lililo karibu na namba 845 ya mchoro, ambalo kapa huwa nalo. Kiasi cha salfeti kilikuwa sawa. Majivu yalikuwa sawa. Nilimpelekea msimamizi wangu michoro hiyo nikiwa na hakika kwamba kosa ni la mrija. Aliitazama kwa muda, kisha akachukua kalamu akaandika namba pembeni ya karatasi. Alinikumbusha kuwa molekuli ya karaginani yenye uzito wa daltoni 500,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) ina pete zipatazo 2,500, na akaniuliza ni vifungo vingapi vinatakiwa kukatika ili uzito huo ushuke hadi nusu. Jibu ni kimoja, kikikatika katikati. Kifungo kimoja katika 2,500 ni kitu ambacho infraredi haiwezi kukiona, na kipimo cha salfeti hakiwezi kukiona, kwa sababu kikemia dutu imebaki ileile. Mrija peke yake ndio ulioona. Tangu siku ile nimeacha kuuliza kwanza kama sampuli ni safi, na ninauliza kwanza imepitia wapi.

Nilisafiri kwenda kijijini wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na wanawake wanashuka mashambani na kamba zao. Shangazi alikuwa amerudi pwani, anaanua. Baada ya shikamoo na marahaba nilimfungulia mfuko wa sampuli ya kiroba kilichonisumbua kuliko vyote. Hakuuliza kitu. Aliuvunja mwani mmoja kwa vidole, akausikiliza, akauonja kwa ncha ya ulimi, akautema.

"Huu ushanyeshewa, mwanangu. Tena ushakauka ndiyo ukanyeshewa. Hapo tena haurudi."

Nilimuuliza amejuaje. Akanionesha kwamba mwani uliokauka vizuri huwa na chumvi nyeupe inayoshika kwenye ngozi yake na ni mgumu, nao hupindika kabla ya kuvunjika. Ule ulionyeshewa chumvi imeutoka, ladha imefifia, na unavunjika mkavu kama jani. Kisha akanitembeza kwenye maanikio. Kuna wanaoanika juu ya chanja, ambapo upepo unapita chini na juu. Kuna wanaotandaza juu ya makuti au nyavu kuukuu. Na kuna wanaomwaga juu ya mchanga kwa kukosa nafasi. Mvua ya ghafla ikija, mwenye chanja na turubai hufunika, lakini aliyetandaza mchangani akiwa bado yuko shambani majini hana la kufanya. Mwani uliolowa maji yasiyo na chumvi ukarundikwa kwenye kiroba huanza kuoza polepole ndani kwa ndani, joto linapanda, na mnyororo unakatikakatika kabla mtu yeyote wa maabara hajaushika. Mnunuzi hulipa kwa kilo, na kwa sehemu kubwa bei haimtofautishi aliyefunika na asiyefunika. Kwa hiyo elimu ile ya vidole na ulimi, ambayo ni elimu ya kweli, haimlipi mwenye nayo. Hilo lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo.

Nilikata kamba moja ya mwani uliovunwa siku moja, nikaigawa mafungu matatu: la kwanza juu ya chanja, la pili mchangani, la tatu juu ya chanja lakini nikalimwagia ndoo ya maji ya kisima baada ya siku mbili na kulifunga kwenye kiroba. Fungu la tatu ndilo lililoshuka haraka kwenye mrija. Nilifurahi kuona hivyo, na furaha hiyo ilinipofusha kwa wiki kadhaa, kwa sababu hata mafungu mawili ya kwanza yalikuwa mepesi kuliko yalivyostahili, na sikutaka kulitazama jambo hilo.

Chanzo cha wepesi huo kilikuwa mkononi mwangu. Ili kapa igande vizuri, mwani huchemshwa kwanza ndani ya haidroksaidi ya potasiamu, ambayo huondoa salfeti zisizotakiwa na kufunga pete, na jeli ikawa imara zaidi. Baada ya hapo alkali huoshwa, mabaki yake hutulizwa kwa asidi kidogo, na mwani uliolainika huchemshwa katika maji ya nyuzi joto 90 kwa saa kadhaa mpaka karaginani yote itoke; halafu mchuzi huchujwa ungali wa moto na kumwagwa ndani ya isopropanoli, ambapo karaginani hujikusanya kama nyuzi nyeupe zinazoweza kuzungushwa kwenye kijiti. Mimi nilikuwa nikiongeza asidi mpaka kipimo cha pH kioneshe 7. Kipimo hicho kilikuwa cha zamani, elektrodi yake imechoka, na miyeyusho ya kukisawazishia ilikuwa imepitwa na muda wake kwa zaidi ya mwaka. Siku nilipoazima karatasi za pH kutoka maabara ya jirani, rangi ilinionesha 4. Kwa maana hiyo, kwa miezi minane nilikuwa nikichemsha minyororo yangu ndani ya asidi kwa nyuzi joto 90, nikiikata kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikishangaa kwa nini ni mifupi. Asidi na joto ni mkasi wa polisakaridi. Jambo hilo limo katika vitabu vya mwaka wa kwanza, nami nilikuwa nimelifundisha katika vipindi vya mazoezi.

Nilitupa takwimu za miezi minane. Naandika hivyo kwa sentensi moja, lakini haikuwa kazi ya siku moja. Nilijaribu kwanza kuziokoa, nikatafuta namna ya kuzirekebisha kwa hesabu, nikaandika rasimu ya maelezo ambayo msomaji asingegundua kitu. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliniuliza kama ningependa mtu afungwe kidonda chake kwa jeli ambayo uzito wake wa molekuli nimeukisia. Nilifuta rasimu, nikaanza upya kwa miyeyusho mipya ya kusawazishia, na nikaweka daftari pembeni ya kipimo ambamo kila anayekitumia anaandika tarehe ya kukisawazisha.

Swali la jeli na kidonda halikuwa la kutisha tu. Katika tiba, urefu wa mnyororo mara nyingi ndio dawa yenyewe. Dada yangu alipojifungua kwa upasuaji, alipewa sindano ndogo za enoksaparini za kuzuia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Nilikaa kando ya kitanda chake nikasoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, nikakuta kitu ninachokijua. Enoksaparini ni heparini iliyokatwa. Heparini ya kawaida ni polisakaridi yenye salfeti, jamaa wa mbali wa karaginani yangu, na wastani wa uzito wake ni karibu daltoni 15,000. Enoksaparini ni karibu 4,500. Ili kuizuia thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, mnyororo wa heparini unapaswa kuwa na pete zisizopungua 18, kwa kuwa unatakiwa kuikumbatia thrombini na protini saidizi kwa pamoja. Lakini kuizuia Faktari ya Kumi iliyoamshwa, protini nyingine ya kugandisha damu, pete tano maalumu zinatosha. Ukifupisha mnyororo, unapunguza kazi moja na kuibakiza nyingine, na mwenendo wake mwilini unatabirika zaidi, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kuchomwa sindano chini ya ngozi akiwa nyumbani. Nilimweleza dada yangu hayo kwa maneno mepesi. Alinisikiliza, akasema kumbe mambo ya mwani ndiyo haya.

Kwa karaginani yenyewe mambo ni mazito zaidi. Karaginani ya chakula ina uzito wa mamia ya maelfu ya daltoni. Ikichemshwa kwenye asidi kali kwa saa nyingi hushuka hadi daltoni 10,000 au 20,000 na kupewa jina jingine, poligenani, ambayo imesababisha vidonda kwenye utumbo wa wanyama wa maabara na hairuhusiwi katika chakula. Umoja wa Ulaya unataka sehemu ya karaginani iliyo chini ya daltoni 50,000 isizidi asilimia 5. Sampuli zangu zilizotupwa hazikufika kwenye poligenani, lakini zilikuwa zimeanza safari ya upande huo, na hakuna mchoro wa infraredi ambao ungenionya.

Hapo ndipo nilipoelewa pia udhaifu wa neno wastani, ambalo nilikuwa nikiliandika bila kulifikiria. Nilipata mfano wake sokoni, kwenye meza ya samaki. Tuseme kuna dagaa 99 wa gramu 5 kila mmoja, na jodari mmoja wa kilo 5. Ukigawanya uzito wote kwa idadi ya samaki, wastani ni gramu 55, namba ambayo hakuna samaki hata mmoja mezani anayeikaribia. Ukiuliza badala yake kwamba, nikichota gramu moja ya nyama kutoka mezani, itakuwa imetoka kwa samaki wa ukubwa gani, jibu la wastani ni zaidi ya kilo nne na nusu, kwa sababu karibu nyama yote ni ya jodari. Polima, yaani molekuli za mnyororo mrefu kama karaginani, zina wastani wa aina hizo mbili. Shinikizo la osmosi huhesabu vichwa, mtawanyiko wa mwanga hufuata uzito, na mnato huangukia kati yao, karibu zaidi na ule wa uzito. Mtu anayeandika kwamba karaginani yake ni ya daltoni 400,000 bila kusema ni wastani upi, na bila kuonesha dagaa ni wangapi, hajamwambia daktari jambo analolihitaji, maana wanaoweza kuleta madhara ni wale dagaa. Mtahini wangu wa nje aliniuliza swali hilohilo katika utetezi wa tasnifu, na ndilo swali pekee nililolijibu bila kutazama karatasi.

Jeli yenyewe ilinipa somo jingine. Ilikuwa imara ndani ya chupa, inasimama, inakatika kwa kisu, na nilimpiga picha msimamizi wangu akiwa ameishika. Nilipoiweka kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kwa joto la mwili la nyuzi 37, ilianza kulegea, na kufikia kesho yake ilikuwa ute. Potasiamu iliyoifunga ilikuwa imetoka na sodiamu ikaingia mahali pake, na sodiamu haiwezi kuifunga kapa vizuri. Mwili wa binadamu umejaa sodiamu. Nilikuwa nimetengeneza jeli kwa ajili ya chupa. Sura tatu za tasnifu yangu zilitokana na jitihada ya kuchanganya kapa na iota, na kisha na alginati ya mwani wa kahawia inayofungwa na kalisiamu, mpaka nikapata utando uliodumu siku tatu ndani ya chumvi. Siku tatu ndizo nilizozipata, na ndizo nilizoziandika.

Upande wa mazingira ulikuja bila kupangwa. Katika pendekezo langu la awali niliahidi pia kutengeneza karatasi angavu za karaginani za kufungia vitu, kwa kuwa Tanzania Bara ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019 na kila mtu alizungumzia mbadala. Karatasi zilitoka nzuri, lakini kwenye unyevu wa Unguja zilinata mkononi, na juu ya samaki mbichi ziliyeyuka. Zinafaa kwa vitu vikavu, na si zaidi ya hapo.

Lakini nilipokuwa nikimsaidia shangazi kufunga mbegu, nilitazama vidole vyangu. Kila tawi la mwani hufungwa kwenye kamba kwa kijiuzi ambacho wakulima wanakiita taitai. Watu husema ni nailoni, ingawa zile nilizozipima zilikuwa polipropilini. Mkononi mwangu nilikuwa nimeshika minyororo miwili mirefu. Ule wa mwani unakatwa na mvua, asidi na joto, na vijidudu vya baharini vinakula vipande vyake. Ule wa taitai unakatwa na jua: mionzi na oksijeni huukata mnyororo, uzito wa molekuli unashuka, uzi unapoteza unyumbufu na kubomoka, kisha vipande vyake vinabaki mchangani, kwa kuwa mnyororo wa kaboni uliokatika mara mia bado si chakula cha mdudu yeyote wa pale. Nilichimba mchanga wa kiganja kimoja chini ya chanja ya kuanikia, nikatoa vijipande vya bluu na vya kijani, vingine vidogo kama ukucha wa mtoto, vingine nikiviona tu kwa kioo cha kukuzia. Mwani uliomwagwa mchangani hukaukia juu ya vijipande hivyo, huviokota, na kuingia navyo kwenye kiroba.

Sasa viroba vinavyonifikia vinakuja na karatasi iliyofungwa mdomoni, ambayo shangazi na wenzake wanaijaza kwa kalamu: siku ya kuvuna, siku ngapi juani, chanja au mchanga, imenyesha au haikunyesha. Nimewaomba waongeze mstari wa tano, unaosema taitai zilizotumika ni za mwaka gani. Kwenye ukuta wa nyuma wa maabara nimetundika nyuzi 40 mpya upande unaopigwa na jua la mchana, na nyingine 40 ndani ya kabati lenye giza; kila mwezi ninachukua mbili kutoka kila upande, ninazivuta kwenye mashine mpaka zikatike, na kuandika nguvu iliyozikata.